Kompyuta Kongwe Inapolia Joto: Tumsikilize Nani?

Kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka kumi au kumi na tano inawashwa asubuhi. Badala ya kufungua Windows, inasimama kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe: joto la prosesa limepita kiasi, bonyeza F1 uendelee. Nyingi za Dell husema kwa namna nyingine, kwamba mara ya mwisho mashine ilizimika kwa sababu ya joto. Kwenye HP Compaq nyingi hakuna hata maneno. Taa ya kuwashia hupepesa nyekundu mara mbili, mlio hulia, basi.

Mwenye kompyuta akiuliza watu watano atapata majibu matano. Wa kwanza atamwambia abonyeze F1 aendelee na kazi. Wa pili atasema kihisi cha joto kimeharibika, na wa tatu kwamba ni vumbi tu. Wa nne atauza pesti ya kupitishia joto, wa tano atauza kompyuta nyingine. Kila mmoja ameshawahi kuwa sahihi mahali fulani, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia: majibu yote matano ni ya kweli, ila kila moja ni la ugonjwa wake. Suala hili si dogo kwetu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kompyuta za mezani zilizopo kwenye shule, maduka ya steshenari na ofisi ndogo za Afrika Mashariki ziliingia zikiwa tayari zimetumika miaka kadhaa Ulaya au kwingineko.

Onyo linasema nini hasa

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni kinachotumia umeme na kuugeuza karibu wote kuwa joto. Pentium 4 za kizazi kilichoitwa Prescott, zilizotoka mwaka 2004, zilifika wati 115 kwenye kipande cha milimita za mraba 112, yaani takriban wati 100 kwa kila sentimita ya mraba. Pasi ya umeme ya wati 1,000 haifiki hata moja ya kumi ya msongamano huo wa joto. Kwa hiyo prosesa haiwezi kuishi bila kupokonywa joto lake kila sekunde.

Upokonyaji huo hupita njia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Joto hutoka kwenye silikoni, hupenya kifuniko cha chuma cha prosesa, huvuka utando wa pesti, huingia kwenye hitisinki (lile pande la alumini lenye mapezi), hubebwa na upepo wa feni, hutoka nje ya kasha na kuishia chumbani. Kwenye mnyororo huo pingili moja ikilegea, prosesa hupata joto, hata kama yenyewe ni nzima kabisa.

Hili ndilo jambo ambalo ushauri mwingi wa mtaani huliruka. Onyo la joto ni nadra sana kuwa habari ya prosesa yenyewe. Ni habari ya njia. Swali la kuuliza ni "joto limekwama wapi?" kwa sababu prosesa mara nyingi ndiyo sehemu ya mwisho kufa kwenye mashine nzima.

Kwa nini ni za zamani zinazolia

Sababu ya kwanza ni umri wa vitu vinavyochakaa. Feni ina bearingi na mafuta, na vyote viwili huisha. Pesti hukauka ikawa kama chokaa. Kwenye mashine za Intel kuanzia soketi ya LGA 775 ya mwaka 2004, hitisinki nyingi zinazokuja na prosesa hushikiliwa na pini nne za plastiki zinazobanwa kwenye matundu ya madabodi. Plastiki hiyo, baada ya miaka ya kupashwa na kupoa, hulegea. Pini moja ikichomoka, hitisinki huinamia upande mmoja na prosesa hubaki imeguswa nusu.

Ya pili ni historia. Katikati ya miaka ya 2000 watengenezaji walikuwa wakikimbizana kuongeza kasi ya prosesa, na joto likawashinda. Mwaka 2004 Intel ilifuta mradi wa prosesa uliokuwa uirithi Prescott, ikageukia prosesa zenye viini viwili. Core 2 Duo za mwaka 2006 zilirudi kwenye wati 65 na kufanya kazi zaidi. Hivyo kompyuta mbili zinazofanana kwa nje, zilizopishana miaka miwili tu, zinaweza kutofautiana joto kama jua na kivuli. Mwaka 2012 mambo yaligeuka tena. Kizazi cha tatu cha prosesa za Core kiliacha kuunganishwa na kifuniko chake kwa lehemu, kama kile cha pili cha mwaka 2011, kikatumia pesti ndani kwa ndani. Pesti hiyo ya ndani nayo huzeeka, na fundi wa kawaida haifikii.

Ya tatu ni mahali. Vipimo rasmi vya kompyuta za ofisini za HP Compaq huruhusu chumba chenye nyuzi 10 hadi 35, na kikomo hicho cha juu hushushwa kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa kuwa hewa nyepesi ya mlimani hubeba joto kidogo. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu: kikomo kinashuka hadi kama nyuzi 29. Dar es Salaam na Mombasa zinabaki na 35 zao kamili, lakini chumba chenye paa la bati bila dari mwezi wa Februari hufika hapo bila shida. Kwa hiyo mtu wa bara na mtu wa pwani wanakaribia ukuta uleule kwa njia tofauti. Pwani huongeza unyevu na chumvi, vinavyolifanya vumbi ling'ang'anie kwenye mapezi ya alumini badala ya kupeperuka.

Hoja ya kubonyeza F1

Wanaosema onyo lipuuzwe wana hoja yenye mizizi. Prosesa za Intel tangu Pentium 4 zina ulinzi wa hatua mbili ndani yake. Zikifika kikomo, hujipunguza mwendo zenyewe. Zikiendelea kupanda takriban nyuzi 20 zaidi, hukata umeme mara moja bila kuuliza programu yoyote. Mwaka 2001 gazeti la mtandaoni la Tom's Hardware lilionyesha video ya kung'oa hitisinki wakati kompyuta inacheza mchezo. Pentium 4 ilipunguza mwendo na kuendelea. Athlon za AMD za wakati huo, ambazo hazikuwa na kinga kama hiyo, zilitoa moshi. AMD nayo iliweka kinga katika vizazi vilivyofuata, kwa hiyo hofu ya "prosesa itaungua" kwa mashine za miaka ishirini iliyopita kwa sehemu kubwa imepitwa na wakati.

Lakini hoja hii ina tobo. Kujipunguza mwendo ndiko mtumiaji anakokuita "kompyuta imekuwa nzito". Watu wengi wameshanunua RAM mpya, wamefuta Windows na kuiweka upya mara tatu, kumbe prosesa inatembea nusu ya kasi yake kwa sababu ya joto. Halafu kinga ya prosesa hailindi majirani zake. Kapasita zilizo pembeni mwa soketi huzeeka kwa joto, na kanuni ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Na kompyuta inayozimika ghafla katikati ya kuandika kwenye diski huacha mafaili nusu. Kwa duka lenye daftari la wadeni kwenye mashine hiyo, hasara si ya joto tena.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi wakaingia BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) na kuzima onyo lenyewe, au kupandisha kiwango chake. Hilo lina sababu moja tu halali, na tutaifikia.

Hoja ya kihisi mwongo

Hii hudharauliwa kuliko inavyostahili. Kwenye madabodi ya zamani kuna vihisi vya aina mbili: kile kilicho ndani ya silikoni ya prosesa, na vile vinavyosomwa na chipu ya madabodi. Programu huvionyesha vyote kwenye orodha moja, bila kusema kipi ni kipi. Ukiona mstari unaosoma nyuzi 127 saa zote, kompyuta ikiwa baridi au moto, usiogope. Namba 127 ndiyo kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti saba, na huonekana pale chipu inaposoma mahali ambapo hakuna kihisi kilichounganishwa.

Hata kihisi cha ndani kina mambo yake. Kwenye Core 2 hakikupima joto moja kwa moja. Kilihesabu nyuzi zilizobaki kufika kikomo, na programu ilitakiwa kukijua kikomo chenyewe ili itoe hesabu. Ni mwaka 2008 tu ambapo Intel ilitangaza hadharani vikomo vya prosesa zake za mezani za Core 2. Kabla ya hapo waandishi wa programu walikisia, na makisio yaliweza kupishana kwa nyuzi 10 au 15. Mashine ileile, programu mbili, joto mbili. AMD nayo, kwenye Ryzen 1700X na 1800X za mwaka 2017, iliongeza nyuzi 20 kwa makusudi kwenye namba inayosomwa, ili feni zizunguke mapema. Aliyezisoma bila kujua alidhani amenunua jiko.

Hapa pia ndipo lilipo onyo la feni, linalochanganywa sana na onyo la joto. BIOS huhesabu mizunguko ya feni kupitia waya wake wa tatu. Ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, ambacho kwenye bodi kadhaa za ASUS ni mizunguko 600 kwa dakika, kompyuta hulalamika hata kama prosesa ni baridi. Feni mpya ya kimyakimya inayozunguka polepole inaweza kuzua onyo ambalo feni mbovu ya zamani haikulizua. Dell baadhi zina feni za pini 5 badala ya 4. Fundi akifunga ya kawaida, mashine haiioni na hudai haina feni. Betri ya saa ya CR2032 ikifa, mipangilio yote ya BIOS hurudi ilivyotoka kiwandani, na onyo lililokuwa limetulia huibuka upya. Kwa hali kama hizi, na hizi tu, kurekebisha kiwango ndani ya BIOS ni tiba halali.

Udhaifu wa hoja ya kihisi ni kwamba inavutia mno. Ni rahisi kumlaumu anayeleta habari. Na ina kipimo chepesi: kompyuta iliyolala usiku kucha, ikiwashwa asubuhi, inapaswa kusoma nyuzi chache tu juu ya joto la chumba kwa sekunde za mwanzo. Namba isiyobadilika ndiyo inayodanganya. Namba inayopanda na kushuka kufuata kazi inasema kweli, hata kama si sahihi kwa uzi wa mwisho.

Vumbi

Kwa mazingira yetu hoja hii ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa kweli, na ndiyo yenye gharama ndogo. Vumbi halikai juu ya feni tu. Hutengeneza blanketi kati ya feni na mapezi, mahali jicho halifiki mpaka feni ifunguliwe. Mtu hupuliza kutoka nje, huona feni imekuwa safi, hufunga kasha, onyo hurudi, kisha hutangaza kwamba vumbi halikuwa tatizo. Pawa saplai nayo husahaulika, ilhali kwenye makasha mengi feni yake ndiyo inayotoa hewa moto nje.

Namna ya kusafisha ina hatari zake. Kompresa ya gereji la matairi ina nguvu nyingi na mara nyingi hutoa maji pamoja na hewa. Feni ikiachwa izunguke kwa upepo huo hupita kasi yake na kuharibu bearingi, kwa hiyo ishikwe kwa kidole. Brashi laini ya kupakia rangi na kipulizio kidogo vinatosha.

Hoja ya vumbi hushindwa pale mashine iliyosafishwa vizuri inapoendelea kulia. Hapo ndipo muuza pesti anapoingia.

Pesti na mguso

Chuma cha prosesa na chuma cha hitisinki, hata vikisuguliwa ving'ae, vina mabonde madogo yanayojaa hewa. Hewa hupitisha joto vibaya sana: takriban wati 0.025 kwa mita kwa kila nyuzi, ilhali alumini hupitisha zaidi ya 200 na shaba karibu 400. Pesti nyingi ziko kati ya 1 na 8. Ni duni mbele ya chuma, lakini ni bora kuliko hewa mara makumi hadi mamia. Kazi yake ni kujaza mabonde tu, ndiyo maana tone la ukubwa wa njegere linatosha, na kupaka nene kama siagi kwenye mkate huongeza tatizo. Dawa ya meno, ambayo wapo wanaoiapia, hushusha joto siku ya kwanza na kukauka muda si mrefu, kwa kuwa kinachofanya kazi humo ni maji.

Uzito wa hoja hii ni kwamba pesti ya miaka kumi karibu kila mara imekwisha, na kuibadilisha kunaweza kushusha joto kwa nyuzi nyingi kwa mpigo. Lakini faida kubwa mara nyingi haitoki kwenye pesti yenyewe. Ili kuipaka, fundi lazima afungue hitisinki, aisafishe na kuibana upya, na kumbe tatizo lilikuwa ile pini moja iliyolegea. Pesti husifiwa kwa kazi ya bisibisi. Anayenunua pesti ya bei ghali huku pini ya plastiki imevunjika ananunua manukato ya nguo chafu.

Hatari ipo pia, na kwa AMD za zamani ni kubwa. Kwenye soketi za AM2 na AM3 pini ziko chini ya prosesa, na soketi huishika kwa mbano mdogo. Pesti iliyokauka hugandisha prosesa kwenye hitisinki. Ukivuta kwa nguvu, prosesa hung'oka pamoja nayo na pini hupinda. Iwashe dakika kumi ipate joto, zima, chomoa waya, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuinua. Intel za LGA hazina balaa hilo, prosesa imefungwa kwa kifuniko chenye wenzo.

Kuna kosa jingine la mguso ambalo ni la biashara ya mitumba hasa. Mashine iliyouzwa na prosesa ya wati 65 huongezewa thamani kwa kuwekewa Core 2 Quad Q6600, ambayo matoleo yake ya mwanzo ya mwaka 2007 yalikuwa ya wati 105, lakini huachiwa hitisinki ileile ndogo. Hapo usafi na pesti havitasaidia. Bomba la nusu inchi halitoi maji ya bomba la inchi moja.

Ubavu wazi na feni ya mezani

Kufungua kifuniko cha ubavu na kuelekeza feni ya mezani ni tiba ya papo kwa papo inayopendwa, na kwa kasha la kawaida lenye matundu machache huleta nafuu. Kama kipimo ni nzuri mno: joto likishuka sana ubavu ukiwa wazi, hewa ya ndani ndiyo iliyokwama. Kama makazi ya kudumu ni mbaya, kwa kuwa hualika vumbi lilelile lililoleta shida.

Kuna mashine ambazo kufunguliwa ovyo huzidhuru. OptiPlex kadhaa za Dell za katikati ya miaka ya 2000 zilijengwa kwa mpango wa BTX, ambamo feni kubwa ya mbele husukuma hewa kupitia handaki la plastiki moja kwa moja kwenye hitisinki. Hitisinki haina feni yake. Fundi asiyeujua mpango huo hulitoa handaki hilo akidhani ni pambo, akalitupa, na tangu siku hiyo kompyuta haipoi.

Pale ambapo si prosesa kabisa

Hoja hii hutajwa kwa nadra, na huokoa fedha nyingi. Kompyuta inayozimika ghafla huhukumiwa kuwa ina joto, hata bila onyo lolote. Lakini pawa saplai inayochoka, au volti za ukutani zinazocheza, huzima mashine vilevile. Tofauti iko kwenye namba na kwenye wakati. Ikizimika prosesa ikisoma nyuzi 55, au ikizimika dakika ya pili baada ya kuwashwa asubuhi, usitafute pesti.

Kisha kuna kapasita. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 soko lilijaa kapasita mbovu zilizovimba na kuvuja. OptiPlex GX270 na GX280 za Dell zilikumbwa sana, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo. Kapasita zikichoka, umeme unaoifikia prosesa huwa mchafu, sehemu inayousambaza hupata joto, na mashine hujizima. Vichwa vilivyovimba pembeni mwa soketi huonekana kwa jicho.

Na programu je? Zinaweza kuitesa prosesa bila mtumiaji kujua. Kati ya 2017 na Machi 2019 huduma iliyoitwa Coinhive iliwezesha tovuti kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta za wasomaji. Programu haramu za namna hiyo bado zipo. Prosesa inayofanya kazi asilimia 100 huku umeacha kazi zote ina mgeni. Ila hapa lazima tuwe waangalifu: mashine yenye njia nzima ya joto inapaswa kuhimili asilimia 100 kutwa nzima. Programu hufichua udhaifu, haiuumbi.

Kupunguza kasi kwa makusudi, au kununua nyingine

Windows huruhusu kuweka kikomo cha matumizi ya prosesa, tuseme asilimia 80. Si hila ya bure, kwani nguvu inayotumika hufuata kasi na mraba wa volti. Kasi ikishuka kwa asilimia 10 na volti ikashuka kiasi hichohicho, matumizi hupungua kwa takriban asilimia 27. Kwa kazi za kuandika na kuchapa, mtumiaji hatahisi. Ni suluhisho la heshima kwa mashine yenye pesti ya ndani iliyochoka, ambayo haifikiki.

Ama kununua nyingine, hoja yake imepata nguvu tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 hudai, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana, na kompyuta nyingi tunazozungumzia hazifiki hapo. Linux huziongezea maisha, lakini si kila ofisi itaihamia. Bado, joto peke yake si sababu ya kutupa mashine. Anayenunua mtumba mwingine kwa sababu ya pesti kavu atanunua pesti kavu nyingine.

Mizani

Hoja hizi zikiwekwa pamoja, kinachoziamua si namba iliyo kwenye onyo bali namna joto linavyopanda. Fungua programu ya kusoma joto, kama Core Temp au HWiNFO, au lm-sensors kwa wa Linux. Iache mashine itulie, kisha ipe kazi nzito ukitazama. Baadaye zima, chomoa waya, na uguse mapezi ya hitisinki kwa uangalifu.

Joto likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, na mapezi yakawa baridi, joto halijavuka: ni pesti, au pini, au pesti ya ndani. Likipanda polepole kwa dakika kumi au ishirini na mapezi yakawa moto, joto limevuka ila halina pa kwenda: ni vumbi, feni, kasha au chumba. Namba isipobadilika kamwe, ni kihisi. Mashine ikizimika namba ikiwa chini, tazama umeme na kapasita.

Kwa kipimo hicho, ushauri wa kubonyeza F1 unashindwa mara nyingi zaidi ya unavyoshinda, na wa kununua nyingine hutolewa mapema mno. Mwenye vumbi anastahili kusikilizwa kwanza kwa kuwa hagharimu kitu, mwenye pesti wa pili, na mwenye kihisi asifukuzwe kabla ya kipimo cha asubuhi. Ila yeyote anayetaja tiba kabla ya kugusa mapezi anabahatisha.

Ukishamaliza, andika kwenye karatasi ya gundi tarehe uliyobadilisha pesti, joto la mashine ikiwa imetulia, na joto lake ikiwa kazini. Ibandike upande wa ndani wa kifuniko. Fundi atakayekifungua miaka miwili ijayo atakuwa na cha kulinganisha.